Tonge kwa Waliotutangulia: Siku Sita za Gaya

Siku ya kwanza: Patna, Punpun, Gaya

Jirani yangu na mimi tumeishi ukuta kwa ukuta mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 40, na katika muda huo hajakosa hitima hata moja ya nyumbani kwangu. Hufika mapema, huketi barazani pamoja na wazee, na huondoka baada ya dua akiwa amekula tende tu, kwa kuwa nyama hali. Kwa hiyo aliponieleza kwamba mwaka wa kwanza tangu kufariki mama yake umetimia, kwamba anakwenda Gaya katika jimbo la Bihar nchini India kuwatolea tonge wazee wa ukoo wake, na kwamba goti lake halimpi tena ujasiri wa kusafiri peke yake, nilifunga mzigo bila kuuliza maswali mengi. Yeye ni Mhindu mzaliwa wa Tanga, na baba yake naye alizaliwa Tanga, lakini asili yao ni Kutch, upande wa pili wa bahari yetu. Mimi ni Mwislamu na mwalimu mstaafu, na Kihindi nilichonacho nilikiokota katika kumbi za sinema za ujana wangu.

Tulichagua wakati mgumu wa kusafiri. Ni Septemba, majira ya Pitru Paksha, ile nusu ya giza ya mwezi ambayo Wahindu huiweka kwa ajili ya wafu wao hadi usiku usio na mwezi kabisa, na inaaminika kwamba katika siku hizo waliotutangulia huwa karibu na milango ya watoto wao. Kila ndege, kila treni na kila gari linaloelekea Gaya limejaa watu waliovaa nyeupe.

Kutoka Patna, mji mkuu wa Bihar, hadi Gaya ni takriban kilomita 100 kuelekea kusini, lakini anayefuata utaratibu hasimami kwanza Gaya. Husimama kwenye mto Punpun, ambao huitwa mlango wa safari hii, na hapo hutoa tonge la kwanza. Wenyewe huliita pinda. Nimelitafsiri tonge kwa sababu ni tonge hasa, yaani unga wa shayiri au wali uliochanganywa na ufuta mweusi, maziwa, asali na samli, kisha ukafinyangwa kwa viganja hadi ukawa duara. Jirani yangu alitoa lake kwa haraka, huku dereva akipiga honi. Tulifika Gaya usiku, tukalala katika nyumba ya wasafiri iliyojaa hadi ngazini.

Siku ya pili: Mto unaopita chini ya mchanga

Mji huu unasimama juu ya mto Phalgu, na mto huu una aibu yake ya kale. Kwa sehemu kubwa ya mwaka haukuonekana kuwa na maji. Maji yalipita chini ya mchanga, na mahujaji walichimba mashimo kwa mikono ili wapate ya kunawa na ya kutolea. Sababu inayosimuliwa hapa ni Sita, mke wa Rama, shujaa wa utenzi wa kale wa Wahindu, Ramayana. Inasemwa kwamba Rama na nduguye walikwenda kutafuta vitu vya ibada kwa ajili ya baba yao, mfalme Dasharatha, wakachelewa, na saa ya ibada ikawa inapita. Sita, akiwa peke yake ukingoni na hana nafaka yoyote, alifinyanga tonge la mchanga akampa mkwe wake, naye marehemu akalipokea. Wanaume waliporudi hawakuamini. Sita akawaita mashahidi wake, na mto ukakana, ng'ombe akakana, ua la ketaki likakana. Mbaniani peke yake, mti ule mkubwa wa jamii ya mtini, ndio uliosema kweli. Tangu hapo mto ulilaaniwa ukauke, na mti ukabarikiwa usife.

Leo hali ni tofauti kidogo, kwa sababu mwaka 2022 serikali ya Bihar ilizindua bwawa la mpira lenye urefu wa mita 411 kuvuka mto huu, na sasa maji yanakaa mbele ya hekalu mwaka mzima. Nilimuuliza mzee mmoja pale ngazini kama laana ya Sita imeondolewa na wahandisi. Akacheka, akasema laana ingalipo, ila imewekewa mpira.

Hapo Devghat, kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini, nilimtazama jirani yangu akifanya ibada kwa muda wa saa mbili, na kwa kuwa sikuwahi kuiona, nitaieleza kwa urefu. Aliketi ameelekea kusini, upande wa Yama, mfalme wa wafu, ambao katika shughuli nyingine za heri huepukwa. Uzi mtakatifu, ambao siku zote hukaa bega la kushoto, aliuhamishia bega la kulia. Katika kidole cha pete alivaa pete iliyosokotwa kwa majani makavu ya kusha. Maji yenye ufuta hakuyamwaga kwa ncha za vidole, kama wanavyofanya kwa miungu, bali aliyaacha yateremke kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwa maana njia hiyo ya mkono ni ya wazee. Kuhani alisoma, naye akafuatisha, na kila mara usomaji uliposimama palibaki nafasi ya jina: baba, babu, baba wa babu, kisha mama, bibi, mama wa bibi, kisha wazee wa upande wa mama, kila mmoja na ukoo wake.

Nilichokiona, na ambacho hakikuniacha siku zote zilizofuata, ni kwamba ibada nzima inasimama juu ya majina. Tonge ni lile lile, ufuta ni ule ule. Linalotofautisha tonge moja na jingine ni jina linalotajwa wakati linapowekwa juu ya jani. Palipokuwa na mtu aliyesahau jina la babu yake mkuu, nilimwona akipiga simu nyumbani, akiwa amekaa majini hadi magotini, akimuuliza shangazi.

Baada ya wazee wa damu, yapo matonge ya wengine: walimu, marafiki, watumishi, majirani, hata wanyama waliofugwa na miti iliyopandwa. Hapo jirani yangu aligeuka akaniuliza, "Mwalimu, jina kamili la marehemu baba yako ni nani?" Nilisita. Kwetu marehemu huombewa dua na husomewa, hatolewi tonge, na sikutaka kumbebesha baba yangu ibada asiyoiitikia. Lakini baba yangu ndiye aliyemfundisha mtu huyu kuogelea. Nikamwambia, "Mtaje kama jirani yako, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa." Akamtaja, na kuhani, ambaye jina la Kiislamu halikumshtua hata kidogo, akaendelea.

Siku ya tatu: Hekalu nisiloingia

Hekalu la Vishnupad liko ukingo wa magharibi, juu ya ngazi za Devghat, na mlangoni kuna tangazo kwamba wasio Wahindu hawaruhusiwi kuingia. Nilitii. Wapo watakaoona ugumu katika jambo hili. Mimi nimekulia katika mji wenye misikiti, na najua kwamba kila nyumba ina chumba chake cha ndani. Jirani yangu alivua viatu, akanikabidhi, akasema, "Linda vizuri, Mwalimu. Si ninyi mnaosema Baniani mbaya, kiatu chake dawa?" Nilikaa na dawa hiyo mapajani kwa saa tatu.

Kutoka nje niliona mnara wa pembe nane, wa mawe ya kijivu, unaopanda hadi mita 30 hivi, na kileleni kuna dhahabu na bendera. Mbele yake ni ukumbi uliobebwa na safu nane za nguzo. Ndani, kwa maelezo yake, kuna mwamba mweusi wenye alama ya unyayo, urefu wake kama sentimita 40, umezungushiwa beseni la fedha la pembe nane, na watu huweka matonge, maua na maziwa juu yake hadi unyayo wenyewe hauonekani. Unyayo ni wa Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Husimuliwa kwamba jitu liitwalo Gayasura lilijipatia, kwa kufunga na kujitesa, neema kubwa mno: yeyote aliyeligusa aliokoka, hata awe mwovu namna gani, mpaka jehanamu ikabaki tupu na Yama akaenda kushtaki. Miungu ililiomba mwili wake uwe uwanja wa kafara. Likakubali, likalala, lakini halikuacha kutikisika hadi Vishnu alipolikanyaga. Jitu likatulia na kuomba jambo moja tu, kwamba mahali hapo paitwe kwa jina lake na wafu watakaotolewa tonge hapo wafunguliwe. Wenyeji huongeza sharti: kila siku lipatikane angalau tonge moja na maiti moja, la sivyo Gayasura atainuka. Mahali pa kuchomea maiti pako hatua chache tu kutoka hekaluni, na moshi wake ulinijia mchana kutwa.

Ibada ni ya kale kuliko jengo. Mwanzoni mwa karne ya 16, Chaitanya wa Bengal, ambaye baadaye alipata wafuasi wengi sana, alikuja hapa kijana kumtolea tonge baba yake, akarudi kwao mtu mwingine. Jengo linaloonekana sasa lilijengwa upya mwaka 1787 na Ahilyabai Holkar, malkia wa Malwa, yule yule aliyejenga upya hekalu la Kashi Vishwanath mjini Varanasi. Watu humtaja kwa wingi wa mahekalu aliyoyajenga. Mimi nilipokuwa nimekaa na viatu nilifikiri zaidi kuhusu hesabu nyingine: mumewe alikufa vitani mwaka 1754, mkwe wake aliyemfundisha utawala alikufa mwaka 1766, na mwanawe wa pekee wa kiume mwaka 1767. Mwanamke asiyebakiwa na mume wala mwana ndiye aliyeijenga nyumba ambamo wana huja kuwalisha baba zao.

Jirani yangu alitoka macho yakiwa mekundu. Jioni, tukila litti, yale maandazi ya unga yaliyochomwa kwenye makaa na kujazwa unga wa dengu, alinieleza juu ya matonge 16 ya mama. Kila tonge lina maneno yake, na kila neno ni deni: uzito wa mimba, maumivu ya kujifungua, dawa chungu alizokunywa ili mtoto apone, usiku aliolala upande uliolowa ili mtoto alale upande mkavu, chakula alichokiacha mtoto aliposhikwa na njaa, joto na baridi alizozistahimili naye mgongoni. "Nilifika la nane," alisema, "nikawa siwezi kutamka. Kuhani akanisubiri. Akaniambia kila mtu husimama palepale."

Siku ya nne: Pretshila, na daftari

Asubuhi tulikwenda Pretshila, kilima kilicho nje ya mji ambako hutolewa matonge ya waliokufa vifo vya ghafla na vya kabla ya wakati. Amu yake alizama na jahazi kati ya Tanga na Pemba na mwili haukupatikana. Wabebaji walimpandisha kwa kiti cha mianzi kwa sababu ya goti. Juu, unga wa shayiri haufinyangwi bali hurushwa hewani, na upepo huuchukua. Hakusema neno njia nzima ya kurudi, nami sikumsemesha.

Mchana tulikwenda nyumbani kwa kuhani wake. Hapa inafaa nieleze kwamba Gaya ina jamii ya makuhani wa kurithi waitwao Gayawal, na kila nyumba yao ina haki juu ya mahujaji wa sehemu fulani ya India, haki inayorithishwa kama shamba. Mhujaji hachagui kuhani. Hutafuta nyumba iliyowahudumia babu zake. Na kinachothibitisha uhusiano huo ni bahi, daftari refu lililofungwa kwa kitambaa chekundu, ambamo kila aliyefika ameandikwa: jina, kijiji, kabila la ukoo, alikuja na nani, kwa ajili ya nani.

Kuhani aliuliza maswali matatu tu, yaani wilaya, mji na jina la ukoo. "Kutch, Mandvi," alijibu jirani yangu, kwa sababu Mandvi ndiyo bandari ambayo babu zake walipandia majahazi ya kwenda Afrika. Kijana aliteremsha madaftari kutoka rafu ya juu, vumbi likatufanya tupige chafya, na ikapita karibu saa nzima ya kufunua kurasa. Kisha mzee aliweka kidole mahali na kusoma. Alikuwa ni babu wa jirani yangu, kwa mwandiko wake mwenyewe wa Kigujarati, na mwaka uliandikwa kwa kalenda ya Samvat, ambayo huitangulia ya miladi kwa miaka 57 hivi. Tulipopunguza tukaona alikuja kati ya zile vita kuu mbili. Chini ya jina la Mandvi, kwa wino uliofifia, ameongeza maneno mawili: Tanga, Afrika.

Nimesoma hati nyingi maishani, lakini sikutarajia kuuona mji wangu umeandikwa katika chumba kile. Babu yule alifunga safari ya majuma kadhaa kwa jahazi na kwa treni kuja kumtaja baba yake, akahakikisha anayekuja nyuma yake atajua mahali pa kuanzia.

Kuhani akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la jirani yangu, la baba yake na la mama yake, kisha akauliza, "Wana wa kiume?" Jirani yangu akajibu, "Sina." Kalamu ikanyanyuka. Mzee alisubiri kidogo, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

Anao mabinti wawili. Mmoja ni muuguzi Dar es Salaam, mwingine anaishi Leicester, Uingereza. Sikusema kitu.

Siku ya tano: Janardan

Usiku alinieleza jambo ambalo, naona sasa, ndilo lililomleta. Katika kilima cha Bhasmakut, karibu na hekalu la Mangla Gauri, kuna hekalu dogo la Vishnu kwa jina la Janardan, ambapo asiye na wa kumtolea tonge hujitolea mwenyewe akiwa hai. Tonge hilo huchanganywa na mtindi, halitiwi ufuta, kwa kuwa ufuta ni wa wafu. Na mtu huliweka katika mkono wa sanamu, kana kwamba anaweka amana, akiomba kwamba siku atakapokufa Mungu mwenyewe amrudishie. Huja hapo watawa walioacha dunia, na wazee wasio na mtu.

Nilimkumbusha kisa cha Sita. Nilimwambia kwamba tonge linalosifiwa kuliko yote katika mji huu lilifinyangwa na mwanamke, tena kwa mchanga, tena kwa ajili ya mkwe na si baba yake mzazi. Na kwamba kule Devghat tuliona kwa macho yetu wanawake wawili wakimwaga maji ya ufuta, na hakuna kuhani aliyewafukuza. Akanijibu kwamba anayajua hayo, na kwamba shida si kuhani. Shida ni kwamba hajawahi kuwauliza mabinti zake kama wangependa, na haoni haya ya kitu kingine duniani kama ya kuwauliza hilo.

Asubuhi alipanda akiwa na sahani ya majani mkononi, tonge moja jeupe katikati. Nilibaki chini kwenye ngazi, karibu na muuza maua. Alikaa juu muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliposhuka, akishika ukuta kwa mkono mmoja, sahani ilikuwa ingali mkononi na tonge lingali juu yake.

"Mtindi umechacha," akasema.

Tuliwapa kunguru. Alasiri alipolala nilichukua bajaji hadi Bodh Gaya, kilomita 12 hivi kuelekea kusini, nikaona hekalu la Mahabodhi na mti wa Buddha. Ni mahali pazuri na patulivu, lakini akili yangu ilikuwa imebaki kilimani. Niliporudi nilimkuta kwenye simu. Alinikabidhi, na sauti ya binti wa Dar ikasema, "Shikamoo, Mwalimu. Baba anakula lakini?" Nikamwambia anakula. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama mambo haya ya tonge yana kitabu mtu anachoweza kusoma mapema.

Siku ya sita: Mbaniani

Mwisho wa safari ni Akshayavat, mbaniani uliosema kweli. Matawi yake yametambaa juu ya ua wa mawe, na yamefungwa nyuzi nyingi kiasi kwamba gome halionekani. Hapa hutolewa tonge la mwisho, kisha kuhani hutamka suphal, yaani kwamba kazi imezaa matunda, na bila tamko hilo mhujaji huhesabiwa hajamaliza. Kabla ya kutamka, kuhani hutaka sadaka yake, na mabishano ya bei yaliyokuwa yakiendelea pembeni yangu hayakuwa mazuri kuyasikiliza. Wetu alikuwa mstaarabu. Vilevile mhujaji huacha tunda moja analolipenda, asilile tena maishani.

Kuhani alitegemea kusikia embe au ndizi. Jirani yangu alisema stafeli. Hakuna aliyelijua. Alijaribu kulieleza kwa Kihindi, ngozi ya kijani yenye miba laini, nyama nyeupe, uchachu kidogo, nami najua kwamba alikuwa anaueleza mti ulio nyuma ya nyumba yake, alioupanda mama yake, ambao matawi yake huangusha matunda upande wangu wa ukuta. Kuhani akakubali kwa jina hilo hilo la Kiswahili, akalitamka vibaya mara tatu katika maombi.

Tulikuwa tumebakiza saa nne kabla ya gari. Nilidhani tutakwenda kununua tilkut, zile kashata za ufuta ambazo Gaya inasifika kwazo, lakini bajaji ilisimama mbele ya nyumba ya madaftari. Jirani yangu aliomba ukurasa wa juzi ufunguliwe. Mzee alionyesha kwamba nafasi imekwisha, kwa kuwa chini yake wameshaandikwa watu wa familia nyingine. Basi akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, karatasi ikiwa imegeuzwa upande, majina mawili ya mabinti, na mbele ya kila jina mji anaoishi. Dar es Salaam aliiandika bila shida. Kwenye jina la pili akasimama, akainua miwani, na kwa uzito wa mtu asiyependa kukosea katika daftari akauliza kama hii Leicester iko mbali na Tanga.

"Si mbali sana," alijibu jirani yangu. "Andika tu."